Mwaka wa Vikapu Visivyouzwa

Nilifika Kasese nikiwa juu ya lori, nimejibana kati ya mabeseni ya plastiki na katoni za sabuni, vumbi limenikaa hadi kwenye kope. Safari ile ilianzia Bukoba bila mpango wowote. Kazi ya kupasua mbao ilikuwa imekwisha, tajiri ameuza mashine, nami nikavuka mpaka pale Mutukula kwa sababu barabara ilikuwa inaelekea huko. Nikaishia Masaka, nikabeba mizigo nyuma ya maghala kwa siku kadhaa, na huko ndiko nilikomkuta Asumani, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, akihangaika na tairi la nyuma baada ya utingo wake kumtoroka. Nilimsaidia bila kuombwa. Tulipomaliza alinawa mikono kwa maji ya chupa, akaviangalia viatu vyangu, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilisema sijui. Akasema basi njia yetu ni moja, panda. Tukapita Lyantonde na Mbarara, tukalala Ishaka chini ya lori, na asubuhi tukashuka mteremko wa Kichwamba, nchi ikafunguka chini yetu, kavu na pana, maziwa yakimeta mbali kama mabati. Darajani Katunguru askari alitushusha, akapekua sabuni katoni kwa katoni, huku Asumani akiitikia "ndiyo, afande" kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo maisha yake yote. Tulipopanda tena aliniambia jambo moja tu, kwamba huku mtu akikuuliza unatoka wapi, usimjibu kwa maneno mengi. Sikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na tayari nilikuwa nimechoka.

Nimeikumbuka safari hiyo mwezi huu kwa sababu ya ujumbe wa simu. Sasa ninaishi Kahama, katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, na mtoto wa Asumani, ambaye sijui alipata wapi namba yangu, ameniandikia kwamba shangazi yake, Mama Zaituni, amefariki na amekwisha zikwa. Basi. Hakuongeza kitu, wala mimi sikujua nimjibu nini zaidi ya kumwomba Mungu amlaze pema. Jumamosi iliyofuata nilikwenda gulioni kama kawaida yangu, maana kila mji nilioishi nimeujua kwa gulio lake, nikapita kwenye mafungu ya nyanya na vyungu na mikeka, mikono nyuma, bila kununua. Mwanamke mmoja aliniita, kaka karibu, nikatazama si bidhaa zake bali mahali alipokaa, upana wake, na nani amekaa kulia na nani kushoto. Ugonjwa huo niliupata Kasese.

Mama Zaituni alikuwa dada yake Asumani, mjane, mwanamke mrefu aliyetembea kama aliyebeba kitu kichwani hata alipokuwa hana kitu. Aliuza nyanya, na pamoja na nyanya aliuza chumvi ya Katwe, ile ya mabonge ya kijivu ambayo wengine huipeleka kwa ng'ombe na wengine huitia kwenye maharage yaive upesi. Asumani alinishusha uani kwa dada yake, akasema amemletea mtu wa kubeba, naye akaniangalia akauliza kama ninakula sana. Nilipewa chumba cha chumvi. Magunia yalipangwa hadi dirishani, kitanda changu kikabanwa ukutani, na mvua iliponyesha chumvi ile ilivuta unyevu wote wa dunia, sakafu ikatoka jasho, blanketi likawa zito, mdomo wangu ukaamka una ladha ya bahari ambayo Kasese haina. Chakula kilikuwa kizuri kuliko chumba. Tulikula obundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa sombe, yaani kisamvu, au kwa samaki wa ngege waliotoka Kasenyi wakiwa wamefunikwa majani ya migomba nyuma ya bodaboda, na wakati wa Ramadhani nilifuturu nao ingawa sikufunga, na hakuna aliyenisema isipokuwa Asumani, aliyesema Mtanzania huyu ana bahati, anakula mchana na anakula magharibi.

Katikati ya wiki nilikwenda Bwera na lori kupakia, na Jumamosi tulikuwa sokoni. Soko hilo la Jumamosi lilikuwa pembezoni mwa mji, kando ya reli iliyokufa. Hakuna treni iliyokuwa imepita huko tangu zamani, nyasi zilikuwa zimeota katikati, na watu walipanga bidhaa zao juu ya reli zenyewe, kila mtu na nafasi yake, nafasi ikipimwa kwa mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli. Upande mmoja ulikuwa wa vyakula: vitunguu na pasheni za mlimani, mahindi ya Karusandara, parachichi za Bwera, unga wa muhogo uliovuka kutoka Kongo. Upande wa pili walikaa mafundi, wenye visu, wenye sigiri za udongo, wenye vigoda na mikeka. Mama Zaituni alikaa pale vyakula vilipokwisha, na baada yake, wa kwanza katika mafundi, alikaa Mama Kavira.

Mama Kavira alikuwa Mkongomani wa upande wa Beni, Mkatoliki, rozari shingoni, mnene na mwepesi kwa wakati mmoja. Alifuma vikapu vya ukindu vyenye mstari mmoja mweusi tumboni, na watu walivijua. Mwanamke akipita mjini na kikapu kile, mwingine alimwambia, hicho ni cha Kavira. Nilimjua kwa majuma machache tu. Siku ya kwanza nilipomsalimia alimgeukia Mama Zaituni akamuuliza kama wameleta redio, maana ule mutu anasema kama habari ya saa kumi. Tangu hapo aliniita Redio. Alicheka kwa mabega. Alifuma huku akiongea na akauza huku akifuma, na kama mteja alikawia kuamua, alimpa kikapu akishike, akaendelea na kazi kama amemsahau, hadi mteja mwenyewe akaona haya kukirudisha.

Kisha kukatokea habari ya mama yake. Mama yake mzee alikuwa amebaki kijijini ng'ambo, risasi zikaanza kusikika karibu, majirani wakakimbia, yeye hawezi kutembea. Kavira alikuja Jumamosi asubuhi na mzigo wake wote wa vikapu, akavipanga kama kawaida, lakini hakukaa. Alimwambia Mama Zaituni kwamba anavuka Mpondwe kumchukua mama, atarudi Jumamosi ijayo au ile nyingine. Akaonyesha nafasi yake, akasema, "Uniangalilie plasi." Mama Zaituni akasema nenda, ipo. Waliagana hivyo tu, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Mwezi ukapita. Simu ya Kavira ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikaacha kuita.

Sheria ya soko lile haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Nafasi yenye bidhaa ni ya mwenye bidhaa. Nafasi tupu ni ya atakayeweka kitu. Watu waliotaka nafasi walikuwa wengi, hasa miezi ile wakimbizi walipokuwa wanavuka kila wiki, na nafasi ya Kavira, pale vyakula na ufundi vilipokutana, ambapo kila mguu ulipita, haikuwa nafasi ya kuachwa. Basi Mama Zaituni akanikalisha hapo. Kila Jumamosi nilivitoa vikapu vya Kavira chumba cha chumvi, nikavipanga juu ya reli jinsi alivyovipanga mwenyewe, vikubwa nyuma, vidogo vimewekwa ndani ya vya kati, na nikakaa kwenye taruma lake hadi jioni. Nilipewa agizo moja. Nisiuze.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama Zaituni alieleza kwa subira, akipanga nyanya zake mafungu mafungu, kwamba vikapu vikiuzwa vimekwisha, na vikiisha nafasi imekwisha, na mwenyewe akirudi atakuta mtu mwingine amekaa. Kwa hiyo nilikaa sokoni mwaka mzima nikifanya kazi ya kutouza, na sijapata kazi ngumu kuliko hiyo. Mtu mvivu hukaa kimya na wateja wakamwacha. Mimi sikuweza kukaa kimya, maana bidhaa zilijiita zenyewe. Mtu akiuliza bei nilitaja bei ya kijinga. Akicheka na kuondoka, vizuri. Akianza kupunguza nami nikakataa, alikasirika, akaniuliza kama vimefumwa kwa dhahabu. Wakati mwingine nilisema vimekwisha nunuliwa, mwenye navyo anakuja. Kisha akatokea mwanamke mmoja wa mjini, mwenye gari, aliyeipokea bei yangu ya kijinga bila hata kupepesa macho na kufungua mkoba, nami nikabaki nimeshika kikapu kama mwizi. Mama Zaituni alinisaidia kutoka upande wa nyanya. Alimwambia yule mama kwamba mimi si mzima sana, bambi, maskini, na vikapu vile ni vya msiba. Nilikubali kwa kichwa. Ningefanya nini?

Jina la Redio likafa, nikaanza kuitwa Askari wa Vikapu. Wenye visu walinisalimia kwa kupiga saluti.

Siku moja nikiwa Bwera na Asumani, tumekaa kwenye kibanda cha chai tukisubiri magunia ya unga, nilimuuliza kwa nini dada yake anajitesa. Angeviuza tu, akamwekea mwenyewe chake. Asumani alivunja mandazi, akayachovya, akakaa nayo mkononi hadi yakaanza kukatika. Ndipo akaniambia habari ya eda. Mumewe Zaituni alipofariki, Zaituni alikaa ndani kama inavyotakiwa, hakutoka, hakwenda sokoni, miezi na miezi. Wakati huo Kavira hakuwa rafiki yake, alikuwa jirani wa reli tu, Mkongomani aliyefika juzi. Lakini kila Jumamosi alichukua chumvi ya Zaituni akaipanga pamoja na vikapu vyake, akaiuza, na jioni akaja hadi dirishani na mauzo yamefungwa kwenye kitambaa, akayapitisha bila kuingia, maana hakujua kama Mkatoliki anaruhusiwa kuingia kwa mwenye eda, naye aliona haya kuuliza. Siku Zaituni alipotoka edani na kwenda sokoni alikuta nafasi yake iko, imefagiliwa. "Sasa wewe," Asumani akasema, "hiyo utalipa na nini?" Akala yale mandazi yaliyobaki, hakutaka tuendelee na mazungumzo hayo.

Kila nilipokwenda Bwera niliuliza habari zake. Hiyo pia ilikuwa sehemu ya kazi, ingawa hakuna aliyenituma. Niliwauliza waliovuka na unga na mawese, niliwauliza wanawake waliokaa kwenye vibaraza na magodoro yamefungwa kamba, niliwauliza watu wa bodaboda wa Nyakiyumbu ambao walimjua kila aliyepita. Kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alimwona Butembo hospitalini. Mwingine alisema Kavira mnene mwenye rozari alikufa, ila akasema pia aliuza samaki, kwa hiyo akawa mwingine. Kavira ni jina la wanawake wengi kule, na wanene walikuwa wengi kabla ya mambo yale. Nilipeleka majibu hayo Kasese nikiyapunguza njiani, na nilipofika kwa Mama Zaituni nilikuwa na neno moja tu, kwamba bado. Alisema sawa. Akanipakulia chakula.

Mtu aliyenichosha kuliko wote alikuwa Kambale. Alikuwa Mkongomani pia, wa Butembo, fundi wa sandali za matairi, na alifika miezi ile Kavira alipokuwa ametoweka. Alikuwa na mke na watoto wanne katika chumba kimoja. Hakuwa na nafasi. Aliuzia langoni, kandokando ya mfereji, sandali juu ya gunia, na kila watoza ushuru walipopita alikusanya gunia lake akasimama kama mtu anayesubiri mtu. Mara ya kwanza alikuja kwa adabu, akaniomba anisogelee kidogo, taruma moja tu. Nilimwelekeza kwa Mama Zaituni, naye akamjibu kwa adabu ileile kwamba mwenyewe yuko njiani. Baadaye akaanza utani. Alipita mbele yangu akisema, muzee wa bikapo, leo umeuzisha ngapi, na watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana alichekesha. Kisha ikafika siku mvua ilimkuta langoni, mfereji ukafurika, ukabeba sandali zake kadhaa hadi kwenye kalavati. Tulimsaidia kuzitafuta. Alikuja akasimama mbele ya vikapu vyangu, vikavu chini ya turubai, maji yakimtiririka puani, na hakuwa anatania tena.

"Mutu hayuko, bikapo biko chini ya hema," alisema. "Mi niko, na niko nalowa. Niambie ile ni sheria ya nani."

Usiku ule sikula vizuri. Nilimwambia Mama Zaituni kwamba Kambale ana haki. Alisema anajua. Alisema Kambale angekuwa mwongo ingekuwa rahisi.

Masika yale yaliharibu vikapu. Chumba cha chumvi hakikuwa mahali pa ukindu. Vilikaa wiki nzima kwenye unyevu, na Jumamosi vilipigwa jua, upande wa mbele ukapauka, ule mstari mweusi ukawa wa kahawia. Nilianza kuvigeuza ili vipauke sawasawa. Nilifuta ukungu kwa kitambaa kikavu. Wateja waliopita waliniambia vimezeeka, na mmoja akaniuliza kama navilea.

Ndipo mwenyekiti wa soko akaja. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, wote walimwita Afande, na alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, yaani alitaka jambo liishe. Kambale alikuwa amepeleka malalamiko. Afande alisimama mbele ya nafasi yetu saa za watu wengi, wenye visu wakaacha kunoa, akamwambia Mama Zaituni kwamba soko si stoo. Mama Zaituni akasema nafasi ina bidhaa. Afande akasema bidhaa ni kitu kinachouzwa, kitu kisichouzwa ni takataka. Akainama, akachukua kikapu kimoja cha kati, akakigeuza, akakipuliza vumbi. Akasema yeye ni mteja. Akiuziwa sasa hivi, hii ni biashara na anakwenda zake. Asipouziwa, Kambale anaingia leo.

Nilimtazama Mama Zaituni. Niliona njia ilivyokuwa nyepesi. Kikapu kimoja tu, na nafasi ingepona. Lakini niliona pia alichokiona yeye, kwamba Jumamosi ijayo angekuja mteja mwingine wa namna hiyo, na ile nyingine, na tungekuwa tumemmaliza Kavira kimoja kimoja. Kambale alikuwa amesimama nyuma ya Afande na gunia lake begani, hakuthubutu kumtazama mtu. Mama Zaituni akaondoka pale alipokaa, akapiga magoti upande wake mwenyewe, akaanza kuondoa mafungu ya nyanya, fungu baada ya fungu, akiyahamishia upande wa pili juu ya chumvi. Hakuna aliyeelewa hadi alipofikia katikati ya nafasi yake. Hapo alichukua bonge la chumvi akachora mstari kwenye taruma.

"Kambale," alisema. "Weka biatu hapa. Hapa ni kwangu, nakupa mimi. Ile ya Kavira, Afande, unisamehe, ile si yangu kuuza."

Afande alibaki na kikapu mkononi. Aliangalia ule mstari, akamwangalia Kambale. Akakirudisha kikapu pale alipokitoa, akakigeuza upande uliokuwa umegeukia, akaniambia mimi, kwa ukali, nikipange vizuri. Akaenda.

Kuanzia siku hiyo Mama Zaituni alikuwa na nusu ya nafasi. Nyanya zake zilipandana, zilipondeka za chini, aliuza kidogo, akarudi nyumbani mapema, na uani hapakuwa na ngege tena ila sombe na sombe. Kambale aliuza vizuri. Hakuacha mdomo wake, bado aliniuliza nimeuzisha ngapi, ila sasa aliuliza akiwa karibu, na wakati wa chakula mkewe alileta maharage yaliyotosha watu wote watatu. Tulikaa hivyo, mwenye nyanya, mwenye sandali, na mimi mwenye vikapu vya mtu, tukingoja jambo ambalo hatukulitaja. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo. Watu wa soko walianza kuniuliza kama nitaoa huku. Wakati mwingine jua lilipolala kidogo, na milima ikatoka mawinguni kule juu, nilijikuta nikifikiri kwamba hapa pangeweza kuwa pangu, na wazo hilo lilinichosha kuliko kubeba magunia. Hapakuwa pangu. Nilikuwa jiwe lililowekwa juu ya karatasi isipeperuke.

Alirudi wakati wa kiangazi. Ilikuwa Jumamosi, si mapema sana, soko limechangamka, nami nilikuwa nimeinama nikivigeuza vikapu. Niliona kwanza miguu, kandambili mbili za rangi tofauti, nikataja bei ya kijinga kabla sijainua kichwa. Mtu akacheka kwa mabega. Mabega yenyewe yalikuwa yamebaki mifupa, rozari imekuwa ndefu shingoni, na kama si kucheka kule nisingemjua. Nilisimama. Mama Zaituni pia alisimama, nyanya zikabingirika kutoka mapajani kwake hadi kwa Kambale. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono, wakatikisana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, salamu zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na katikati ya salamu hizo Kavira akasema mama alifia njiani, walimzika ugenini, na Mama Zaituni akasema pole, pole sana, na salamu zikaendelea.

Kisha Kavira akaangalia chini. Aliangalia vikubwa nyuma, vidogo ndani ya vya kati. Alichuchumaa akahesabu kwa kidole bila kutoa sauti, akarudia, akachukua kimoja akakigeuza kutafuta ule mstari mweusi uliokuwa umepauka. Akauliza mbona byote biko. Mama Zaituni alimweleza, kwa aibu kidogo, habari ya kutouza, na Kambale akaongeza habari ya Afande, na mwenye visu wa karibu akaongeza habari yangu na yule mama wa gari, hadi Kavira akakaa chini kwenye taruma lake, akifuta macho, na sikuweza kujua kama bado anacheka.

"Ile chumvi yako, si niliuzisha yote?" alimwambia Mama Zaituni. "Hata ile ya vumbi."

"Chumvi iko Katwe kila siku," Mama Zaituni akasema. "Mikono yako sikujua kama iko."

Kavira aliinyoosha mikono yake mbele, yote miwili, akaigeuza juu na chini ili aione. Ilikuwa imechubuka, myeusi kwenye kucha, imekonda. Ilikuwa ipo. Wakakaa wakiitazama. Halafu Kavira akasukuma vikapu vyake pembeni, taruma zima likabaki wazi, akamwambia mwenzake alete nyanya, mbona anakaa kama kuku kwenye tenga, na Mama Zaituni akaanza kuhamisha mafungu yake bila kubisha.

Mwanamke alipita na mtoto mgongoni. Kavira alimpa kikapu akishike. Ni kile alichokuwa amekichukua Afande, nilikijua kwa doa la ukungu ukingoni. Yule mwanamke alisema kimezeeka, Kavira akasema ndiyo, kimezeeka, toa unachotoa. Kikaenda kwa bei ya mafungu mawili ya nyanya. Mwaka mzima nilikuwa nimekinyima mji wote wa Kasese, na kiliondoka hivyo, kikining'inia mkononi mwa mtu, kabla sijamaliza kukung'uta suruali. Sikusikia uchungu. Nilisikia uchovu tu, wa namna ile inayokuja mtu anapotua mzigo, si anapoubeba.

Niligundua kwamba bado nimesimama. Kavira alikuwa kwake, Mama Zaituni alikuwa nusu kwake na nusu kwa Kavira, Kambale alikuwa amekwisha panga sandali hadi kwenye mstari na kupita kidogo. Hapakuwa na taruma la ziada. Kambale ndiye aliyeniona, akajisogeza, akapiga kofi gunia lake, akasema kaa, Askari. Alisema kweli, angenipa. Lakini katika sisi wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na mahali pengine pa kwenda, yaani popote. Nilimwambia Mama Zaituni kwamba napita nyumbani mara moja. Akanitazama kidogo, kama siku ile ya kwanza aliponiuliza kama ninakula sana, akanipa nyanya tatu nzuri za juu, si za kupondeka, akasema safari njema. Sikuwa nimemwambia ni safari.

Nilichukua mfuko wangu chumba cha chumvi na kushika barabara ya kwenda Fort Portal, ambako sikumjua mtu. Barabara ile inapita nyuma ya reli. Nilisikia sauti ya Kavira ikiita wapita njia, ikiwa nene kuliko mwili wake. "Kujeni. Byote ni bya kuuzisha." Nilitembea nikimsikia hadi kwenye kona, na baada ya kona nikaendelea kutembea.